Monita kwa kazi za lebo na vifungashio: kazi ikitoka kiwandani rangi si ile niliyoiona kwenye kioo

LeboNaBoksi

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada wa kuchagua monita. Kazi zangu ni lebo na vifungashio: asali, unga wa lishe, sabuni ya maji, viungo vya pilau, na brosha mara mojamoja. Lebo nazichora CorelDRAW, picha nazisafisha Photoshop, kwenye laptopu ya Windows 10 yenye kioo cha inchi 15.6. Sehemu kubwa huchapwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa, kidogo digitali.

Shida ni mbili. Kazi ikitoka kiwandani huwa na giza kuliko nilivyoiona, na bluu iliyokolea hutoka zambarau. Mchapaji anasema kioo changu ndicho kinachonidanganya. Bajeti ni milioni moja na laki mbili, kila kitu humo humo. Dukani nimeonyeshwa mbili: 4K ya inchi 27, na ya gemu iliyopinda, 165Hz, ambayo muuzaji anasema rangi zake ni kali. Nichukue ipi? Laptopu ina tundu la HDMI na la VGA, basi.

FundiRangi

Usilipe kwanza. Mchapaji wako yuko sahihi nusu.

Giza hilo kwa kawaida halitokani na aina ya monita, linatokana na mwangaza uliowekwa. Monita ikitoka kwenye boksi huwa kwenye kandela 250 hadi 350 kwa mita ya mraba, ili ing'ae dukani. Karatasi nyeupe chini ya mwanga wa laksi 500 hurudisha kandela 130 hivi tu, na vyumba vingi vya kazi havifiki hata hizo laksi 500. Kwa hiyo kioo kinakuonyesha picha yenye nuru mara mbili ya ile ambayo karatasi inaweza kuitoa. Unaona picha inatosha, huipandishi, kiwandani inatoka giza. Ukinunua monita ya bei mara tatu ukaiacha na mwangaza asilimia 100, tatizo utalihamisha tu.

Lijaribu leo kwenye laptopu hiyo hiyo. Fungua ukurasa mtupu mweupe ujaze kioo, shika karatasi nyeupe ya A4 pembeni yake chini ya taa unayofanyia kazi, kisha shusha mwangaza mpaka weupe wa kioo ulingane na wa karatasi. Usijali kama kimoja kinaonekana na ubluu kidogo, angalia nuru tu. Monita nyingi za mezani huangukia kati ya asilimia 20 na 35. Siku mbili za kwanza utaona kama umeme mdogo, halafu macho yatazoea. Hapo fungua moja ya kazi zilizotoka giza uilinganishe na nakala iliyochapwa.

Sasa monita. Laptopu nyingi za bei ya kawaida huandikwa 45% NTSC, kipimo cha zamani cha upana wa rangi. Hiyo ni kama theluthi mbili tu ya sRGB (wigo wa rangi wa kawaida wa kompyuta), na mara nyingi kioo chenyewe ni TN, aina ya bei rahisi: ukisogeza kichwa juu au chini rangi inabadilika. Hapo hakuna cha kurekebisha, unahitaji kioo kingine. Sharti la kwanza ni IPS, aina ya kioo ambayo rangi haihami sana ukitazama kwa pembeni. VA, aina nyingine ya kioo, ina weusi mzuri, uwiano wake wa nyeupe kwa nyeusi ni 3000:1 hivi wakati IPS ya kawaida ni 1000:1, lakini rangi za kati na za giza hubadilika kadiri jicho linavyohama. Kona ya lebo iliyo pembeni ya kioo utaisoma tofauti na iliyo katikati. Ile ya gemu iliyopinda kwa kawaida ni VA. Ongeza kwamba mstari ulionyooka unauangalia kwenye kioo kilichopinda, na wewe unapanga maandishi ya lebo. Hapana.

Sharti la pili: ifunike sRGB yote. Soma maneno kwa makini, kwa sababu maboksi yanacheza na lugha. "110% sRGB" ni ukubwa wa eneo, haimaanishi imefunika sRGB nzima, inaweza kuwa imezidi kwenye nyekundu na kupungua kwenye kijani. Tafuta neno "coverage". "72% NTSC" ni eneo linalokaribiana na sRGB. Vitu kama kontrasti ya 10,000,000:1 vipuuze kabisa, ni hesabu ya taa kuzimika.

Saizi: inchi 24 ya 1920×1200 inakupa pikseli 94 kwa inchi, na ile mistari 120 ya ziada chini ndiyo inayobeba vibao vya rangi vya CorelDRAW. Inchi 27 ichukue ya 2560×1440 (pikseli 109). Inchi 27 ya 1920×1080 iache, ni pikseli 82, kingo za herufi ndogo zitaonekana na meno. 4K si mbaya, ila HDMI ya 1.4, ambayo ndiyo iliyo kwenye laptopu nyingi za zamani, inaiendesha kwa 30Hz tu. Kipanya kinaburuta. Na matoleo ya zamani ya CorelDRAW kwenye 4K yanakuwa na vitufe vidogo kama punje za mtama.

Majina ya kuulizia: ASUS ProArt PA248QV (inchi 24.1, 1920×1200) au ndugu yake PA278QV (inchi 27, 1440). Zote ni IPS, sRGB asilimia 100, zimerekebishwa kiwandani kwa Delta E (kipimo cha kosa la rangi) chini ya 2. Dell UltraSharp za inchi 24 na BenQ za mfululizo wa PD ziko kundi hilo hilo.

Usimalize bajeti kwenye monita. Theluthi mbili iende kwenye monita, theluthi moja kwenye kifaa cha kupimia rangi. Monita ya kawaida iliyopimwa inaishinda ya gharama isiyopimwa, kwa sababu taa ya nyuma inachakaa na rangi inahama polepole bila wewe kuona.

Mtaa_wa_Wino

Niko Nairobi, vifungashio ndiyo kazi ya kila siku. Nakubaliana na FundiRangi kuhusu mwangaza. Kwenye sRGB sikubaliani naye moja kwa moja.

Sayani tupu ya ofseti, C100 (wino wa sayani asilimia 100) kwenye karatasi ya kung'aa kwa FOGRA39, kipimo cha uchapaji cha Ulaya, iko nje ya sRGB. Pia baadhi ya kijani zinazotokana na sayani na njano. Yaani kuna rangi ambayo mashine inaichapa na kioo cha sRGB hakiwezi kuionyesha, kinakupa iliyopauka kidogo. Kaka anayetengeneza lebo za sabuni ya maji anaishi humo humo kwenye sayani na kijani. Monita ya Adobe RGB (wigo mpana kuliko sRGB), kama BenQ za SW au EIZO ColorEdge, inazionyesha rangi hizo karibu zote. Faida nyingine ni kwamba marekebisho ya rangi yanaandikwa ndani ya monita yenyewe, hayakatwi kwenye kadi ya picha, kwa hiyo miteremko ya rangi haitoki ngazi ngazi.

Lakini zina masharti. Ukiifungua ikiwa kwenye upana wake wote, programu isiyojua profaili (faili linaloeleza rangi za kioo hicho) itapaka kila kitu rangi kali: ngozi za watu zinakuwa nyekundu, nembo ya mteja inawaka. Photoshop inajua profaili. Desktopu ya Windows 10 na programu nyingi za kuangalia picha hazijui. Mtu asiyetaka kujifunza usimamizi wa rangi afadhali asiiguse. Na bado ununue kifaa cha kupimia.

FundiRangi

Hoja ya sayani ni ya kweli. Ila kwa milioni na laki mbili pamoja na kipimio, Adobe RGB mpya haimo. Na sayani tupu ni rangi ambayo huna haja ya kuiona ili kuiamini: ukiandika C100 unajua itatoka nini, kitabu cha sampuli cha mchapaji kinakuonyesha. Kinachohitaji kioo ni picha ya ngozi, ya asali, ya pilau, rangi zilizochanganyika. Hizo nyingi zimo ndani ya sRGB.

LeboNaBoksi

Asanteni sana. Nimeshusha mwangaza kwa karatasi kama ulivyosema, tofauti ni kubwa mno. Maswali: kuna anayejua za mtumba? Na hicho kifaa cha kupimia, kipi, na kinatumikaje?

MzeeWaMtumba

Za mtumba kutoka maofisi ya Ulaya ndiyo njia ya kupata IPS nzuri kwa pesa kidogo, Kariakoo zipo, Luthuli Avenue ya Nairobi zipo. Ila ujue unachochagua. Dell zenye U mbele (U2412M, U2415) na HP za Z (Z24i, Z24n) ni IPS za 1920×1200. Dell za E nyingi za zamani, kama E2216H, ni TN, usidanganyike kwa kuwa zimefanana sura. U2410 utaikuta pia na muuzaji atakwambia ni ya wataalamu. Ni kweli ilikuwa, ina karibu Adobe RGB yote, lakini taa yake ni mirija ya CCFL, ya miaka hiyo. Sasa hivi mirija imechoka: inachukua muda mrefu kutulia kila ukiwasha, mwangaza umeshuka na weupe umeelekea unjano.

Nenda na laptopu yako, usitegemee ya duka. Weka picha za PNG kwenye flashi: nyeupe tupu, nyeusi tupu, kijivu cha 128, nyekundu, kijani, bluu, na mteremko wa kijivu kutoka 0 hadi 255. Iache monita iwake nusu saa kabla ya kuihukumu; muuzaji akikataa, hamia duka la pili. Kwenye kijivu cha 128 ndipo ubovu unapojificha: tazama kama upande mmoja ni wa waridi na mwingine wa kijani, au kona zina giza. Doa kama wingu la njano pembeni chini ni joto la taa lililokula tabaka za kioo, haliponi. Kwenye nyeusi, mng'ao wa fedha kwenye kona unaobadilika ukisogea ni tabia ya IPS. Mng'ao usiobadilika popote ulipo ni mwanga unaovuja. Kwenye nyekundu, kijani na bluu tafuta pikseli zilizokufa. Moja pembeni unaweza kuvumilia, katikati hapana. Mteremko wa kijivu ukionyesha mistari yenye rangi, rudisha kwanza mipangilio ya kiwandani kabla ya kulaumu kioo.

Saa za kazi: HP za Z zinaonyesha saa za taa ya nyuma kwenye menyu, sehemu ya Information. EIZO pia. Chini ya saa 10,000 nachukua bila wasiwasi. Zikipita 20,000 iwe bei ya kutupa.

Halafu matundu, hapa ndipo watu wanaumia. U2412M na Z24i hazina HDMI. Zina DVI, DisplayPort na VGA. Wewe una HDMI. Nunua kebo ya HDMI kwenda DVI, ile ya kawaida, inafanya kazi na 1920×1200 inapita vizuri. Usinunue kebo ya DisplayPort kwenda HDMI ukidhani utaigeuza: ishara yake inakwenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta ya DisplayPort kwenda monita ya HDMI. Kwa upande wako ungehitaji adapta yenye umeme wake. VGA usiitumie kwa kazi hii, ishara inabadilishwa mara mbili na herufi zinakuwa na kivuli.

FundiRangi

Kipimio: Calibrite, waliochukua vifaa vya X-Rite, au Datacolor Spyder. X-Rite i1Display Pro ya mtumba bado ni nzuri, vichujio vyake haviozi. Spyder2, Spyder3 na i1Display 2 usizichukue hata kwa bure. Vichujio vyake vya rangi vinafifia kwa joto na unyevu, na hewa ya pwani ni hiyo hiyo inayovimaliza. Kitakupa namba, na namba zitakuwa za uongo. Programu ya bure ipo, DisplayCAL, inayotumia ArgyllCMS. Kwenye Windows 10 inafanya kazi. Kifaa kimoja mnaweza kukichangia watu watano, kwa sababu kila mmoja anakihitaji mara moja kwa mwezi au miezi miwili.

Utaratibu: washa monita nusu saa. Rudisha mipangilio ya kiwandani, kisha chagua hali ya Custom au User inayokuruhusu kugusa R, G na B. Zima kontrasti inayobadilika, hali ya Eco na HDR kwenye monita. Kwenye Windows zima Night light. Kwenye draiva ya Intel zima kitu kinachoitwa Display Power Saving, hicho hushusha mwangaza chenyewe ukiwa kwenye betri na kuharibu kipimo. Kontrasti ya monita iache kwenye namba ya kiwandani. Ukiipandisha, rangi za mwanga zinaungana: 250 na 255 huwezi kuzitofautisha tena.

Malengo: weupe D65 (weupe wa mchana, kelvini 6500), gama 2.2 (kiwango cha rangi za kati), mwangaza kandela 100 hadi 120. Programu itakuonyesha mihimili mitatu. Shusha ile iliyozidi, usipandishe iliyopungua juu ya 100, kwa sababu hapo unaikata rangi juu. Ukimaliza, profaili inahifadhiwa yenyewe. Hakikisha kwenye Color Management ya Windows iko kwenye monita sahihi, si kwenye kioo cha laptopu. Na tumia Extend, si Duplicate: ukirudufisha, vioo viwili vinagombania profaili moja.

Chumba nacho. Dirisha lisiwe nyuma ya kioo wala nyuma yako. Balbu iwe ya kelvini 5000 hadi 6500, CRI (uaminifu wa taa kwa rangi) 90 au zaidi. Balbu ya njano inafanya karatasi iwe ya njano na kioo kionekane cha bluu, halafu utakilaumu kioo. Ukuta wa nyuma ya monita uwe kijivu au mweupe. Maofisi yetu yanapenda ukuta wa chungwa, nao unaisukuma rangi machoni bila wewe kujua.

Mtaa_wa_Wino

Nyongeza kwa HDMI. Ukiona nyeusi imekuwa ya kijivu na picha nzima imepauka mara tu baada ya kuchomeka, monita haijaharibika. Laptopu imeidhania ni televisheni, inatuma viwango 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Ingia Intel Graphics Command Center, kwenye Display, weka Quantization Range kuwa Full. Kwenye menyu ya Dell angalia pia Input Color Format iwe RGB, isiwe YPbPr. Fanya hivyo kabla ya kupima, la sivyo utapima makosa.

BintiPlates

Kaka LeboNaBoksi, mimi niko upande wa kutoa pleti (mabamba ya mashine ya ofseti, moja kwa kila wino), ngoja nikujibu lile la bluu kwa sababu hakuna monita itakayolitatua.

Bluu ya kioo, RGB 0,0,255, haipo kwenye wino. Programu ikiibadilisha inakupa sayani nyingi na majenta nyingi karibu sawa, na C100 M100 kwenye karatasi ni zambarau. Ndivyo wino ulivyo. Ichore kwa namba: majenta iwe chini ya sayani kwa angalau 30. C100 M65 ni bluu, C100 M90 tayari unaelekea zambarau. Faili la CorelDRAW lifungue tangu mwanzo likiwa CMYK (sayani, majenta, njano na K, yaani nyeusi), halafu kwenye Photoshop weka View, Proof Setup, Custom, chagua profaili, washa Simulate Paper Color, na ubonyeze Ctrl+Y. Picha itaonekana imekufa ghafla. Usishtuke, ndivyo karatasi ilivyo. Geuza macho pembeni wakati unabonyeza, kisha rudi, utaihukumu vizuri zaidi.

Nyeusi pia inadanganya. Anayetumia Illustrator aende Preferences, Appearance of Black, achague Display All Blacks Accurately. Ikiachwa kama ilivyo, K100 peke yake inaonekana nyeusi tii kama ile yenye rangi nne, na kwenye boksi zikikaa jirani moja inatoka kijivu. Kwa eneo kubwa jeusi C60 M40 Y40 K100 inatosha, jumla ni 240. Kwa maandishi madogo ya viambato na tarehe ya mwisho K100 peke yake, kwa sababu pleti nne zikihama hata kidogo herufi zinakuwa na vivuli na hazisomeki. Jumla ya wino isipite 300 kwenye karatasi ya kung'aa, ikipita haikauki na inachafua karatasi ya juu yake kwenye rundo.

LeboNaBoksi

Dada nashukuru. Mchapaji wangu hana profaili, nimemuuliza hakuelewa. Nitumie ipi? Photoshop imejaza yenyewe U.S. Web Coated SWOP.

BintiPlates

SWOP ni kipimo cha Marekani, itoe. Weka Coated FOGRA39 kwa karatasi ya kung'aa, na Uncoated FOGRA29 kwa karatasi isiyo na mng'ao. Hazitalingana na mashine yake kabisa, ila ni mahali pa kuanzia, na tofauti utaipima hivi: chora vibao vya sentimita moja moja. C100, M100, Y100, K100, kisha C100 M65, C100 M80, C100 Y100, M100 Y100, na kijivu cha C50 M40 Y40. Kwenye kila kibao andika namba zake kwa herufi za pointi 5. Kazi inayofuata ikienda mashineni, omba vibao hivyo vipangwe pembeni ya karatasi kubwa, nje ya alama za kukatia. Ile sehemu hutupwa, kwa hiyo hulipi kitu. Mwambie mkata karatasi akuwekee vipande viwili, kimoja cha mwanzo wa kazi na kimoja cha mwisho, kwa sababu wino unahama katikati ya kazi. Vilinganishe na kioo chini ya ile balbu ya 5000. Kijivu kikitoka na wekundu kwenye vipande vyote viwili, majenta ya mashine yake iko juu, nawe punguza majenta kwenye picha zako kwa pointi 3 hadi 5 kabla ya kumpelekea. Kikitoka hivyo kwenye kipande kimoja tu, faili lako usiliguse, huyo ni fundi wa mashine.